Nyumba imekosa mnunuzi Mbinga na Nyasa: Je, kubadili dalali kunasaidia?

Maandishi ya "nyumba inauzwa" yaliyoandikwa ukutani kwa rangi hayachukui muda mrefu kupauka kwa mvua za Mbinga. Yakishapauka na mnunuzi hajapatikana, mwenye nyumba huanza kumtazama dalali wake kwa jicho jingine. Simu hazipokelewi kama zamani. Watu wanne waliletwa, wakazunguka vyumba, wakasifia kisima, hakuna aliyerudi. Hapo ndipo linapokuja swali tunalotaka kulichambua leo kwa ajili ya wenye nyumba wa Mbinga mjini na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay: nimwache huyu dalali, nimpe mwingine?

Jibu letu ni kwamba wakati mwingine ndiyo. Lakini nyumba nyingi zinazokaa muda mrefu bila mnunuzi katika eneo hili hazikukwama kwa sababu ya mtu anayezitangaza. Zimekwama kwenye msimu, kwenye bei au kwenye karatasi, na dalali mpya atazikuta palepale zilipoachwa na yule wa zamani. Na pale ambapo dalali kweli ndiye tatizo, namna ya kuachana naye ni muhimu kuliko kuachana kwenyewe, kwa sababu ukikosea unaweza kulipa udalali mara mbili kwa nyumba moja.

Soko linalosubiri kahawa

Tuanze na mnunuzi, maana ndiye anayesahaulika. Nyumba ya Mbinga haiuzwi kwa kalenda ya Dar es Salaam. Fedha kubwa katika wilaya hii bado inatoka kwenye kahawa. Mavuno huanza katikati ya mwaka, kahawa hupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, kisha mnadani, na malipo humfikia mkulima baadaye. Katika miezi hiyo ndipo utaona mabati yakishushwa kwenye malori, pikipiki mpya, na watu wakiulizia viwanja na nyumba. Ikifika Januari fedha hiyo imeshagawanywa: ada za shule, mbolea, madeni ya msimu uliopita. Mwenye nyumba anayeitoa sokoni Januari na kumfukuza dalali Mei amempima mtu katika miezi ambayo hata hodari wa mjini asingeuza.

Wapo wanunuzi wengine, na idadi yao si ndogo. Kuna watumishi wa umma, wafanyabiashara wa mazao, na watu waliovutwa na makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo malori yake yamebadilisha sura ya barabara za Ruvuma katika miaka ya karibuni. Lakini hawa wengi hupanga kwanza, hununua baadaye. Na karibu wote hulipa taslimu. Mkopo wa nyumba wa benki, ule wa kulipa kwa miaka 15 au 20 huku nyumba yenyewe ikiwa dhamana, haujazoeleka katika miji kama hii. Kwa hiyo anayetaka nyumba ya shilingi milioni 40 anatafuta milioni 40 mkononi, au anaomba alipe nusu sasa na nusu kahawa ikiuzwa. Dalali anayekuletea mnunuzi wa namna hiyo si mzembe. Amekuletea soko lilivyo, na ni juu yako kukubali awamu mbili kwa maandishi au kusubiri mwenye fedha kamili.

Ukishuka ziwani hali inageuka. Pale Mbamba Bay shida ni matumaini. Barabara ya lami kutoka Mbinga, takriban kilomita 66 za milima na kona, imegeuza safari iliyokuwa ya kutwa nzima wakati wa masika kuwa safari ya saa chache. Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya. Mradi wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi na bado unatajwa kila mara. Habari hizi zote ni za kweli, na zote zimeingia kwenye bei za nyumba na viwanja. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye bati lililoanza kutu anataja bei ya meli ambazo bado hazijatia nanga. Mwekezaji anayeitaka pwani hiyo kwa ajili ya biashara huenda akasikiliza, lakini yeye anatafuta eneo na hati, hana haja na vyumba vitatu. Mwalimu au nesi anayetaka mahali pa kuishi hawezi kulipia bandari.

Hapa kubadili dalali kunaweza kuongeza tatizo. Dalali mpya anayetaka kupewa kazi anajua unachotaka kusikia, hivyo atakuambia yule wa kwanza alikuwa anakudharau, nyumba hii ina thamani zaidi. Mbinu hiyo si ya hapa tu. Uingereza, ambako mawakala wa nyumba wana ofisi, mikataba na vyama vyao, wauzaji huonywa kila siku juu ya wakala anayetaja thamani kubwa ili apewe nyumba, kisha wiki chache baadaye anaanza kumshawishi mwenye mali ashushe bei. Anayekutajia bei kubwa muulize: ni nyumba gani ya mtaa huu imeuzwa kwa bei hiyo, na lini?

"Cha juu"

Sasa tumgeukie dalali mwenyewe. Kisheria, Tanzania imekwenda miaka mingi bila sheria mahsusi ya kusajili na kusimamia madalali wa nyumba. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1984, yenye bodi ya usajili. Kwetu, mwenye simu na maneno anaweza kuwa dalali leo mchana. Wengi ni watu waaminifu wanaoishi kwa kazi hiyo na wanaujua mji kuliko ofisi yoyote. Lakini hakuna orodha ambayo mwenye nyumba anaweza kuifungua akaona nani ni nani.

Mazoea yaliyozaliwa katika hali hiyo ndiyo yanayoua nyumba nyingi. Mwenye nyumba anasema anataka milioni 40. Dalali hamwambii mteja 40, anamwambia 46, na ile sita ni "cha juu" chake, mbali na asilimia aliyokubaliana na mwenye nyumba. Kwa kuwa mwenye nyumba hana subira, amempa pia dalali wa pili, naye anataja 48. Wa tatu ameipata kwa wa pili, ameiweka kwenye status ya WhatsApp kwa 52. Mbinga si mji mkubwa. Mnunuzi huyohuyo anaziona bei tatu za nyumba moja ndani ya wiki, na hakuna hata moja iliyo yako. Anachofikiri ni kimoja: hapa kuna utapeli. Si bila sababu kwamba katika miji mingi ya nchi hii kuna kuta zilizoandikwa "nyumba hii haiuzwi". Watu wameumizwa.

Kwa hiyo wengi wanaosema wamebadili dalali hawajabadili. Wameongeza. Wa kwanza hakuambiwa kwamba kazi yake imekwisha, bado anaitembeza nyumba kwa bei yake, na sasa anashindana na mwenzake kwa mali ileile. Tungependa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ushauri wa "tafuta dalali mwingine" unaotolewa vijiweni kwa kawaida humaanisha hivyo hasa.

Utajuaje kama dalali wako ndiye kikwazo? Njia rahisi ni kumwomba ndugu aliyeko Songea ampigie simu kama mnunuzi. Akitajiwa bei ambayo hukuitoa wewe, umepata jibu. Njia ya pili ni kumuuliza dalali mwenyewe, kwa utulivu, wateja aliowaleta walisema nini baada ya kuondoka. Dalali anayefanya kazi atakuwa na majibu yasiyopendeza: choo kiko nje, barabara ya mtaa haipitiki, bei kubwa, hati haipo. Asiyefanya kazi atakuambia tu "wapo, wanajipanga". Na ya tatu, chunguza kama anawatoza watu fedha ya kuonyeshwa. Kwenye nyumba za kupanga jambo hilo limezoeleka. Kwenye nyumba ya kuuza linaweza kumfanya apate riziki kwa kuionyesha nyumba yako bila haja ya kuiuza, na hapo humlaumu kwa uvivu, maana anafanya kazi kwa bidii, ila si yako.

Kuhusu cha juu, mwenye nyumba ana nguvu kuliko anavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na aliyemtuma. Inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma, na haimruhusu kujitengenezea faida ya siri katika shughuli ya mwenye mali. Ikithibitika alifanya hivyo, faida hiyo inaweza kudaiwa, na wakala aliyefanya ulaghai anaweza kupoteza haki ya ujira wake. Kazi ni kuthibitisha, na ndiyo maana karatasi moja yenye bei iliyokubaliwa ina thamani kuliko kelele za baadaye.

Kitu ambacho dalali hawezi kutengeneza

Kuna nyumba ambazo zingepewa madalali kumi zisingeuzwa, kwa sababu kila mnunuzi makini anafika mahali pa kuuliza karatasi, kisha anaondoka kwa adabu.

Kubwa kuliko zote ni mirathi. Baba amefariki, watoto wako Songea, Mbeya na Dar es Salaam, nyumba ya Mbinga imebaki na shangazi, na wamekubaliana kwa simu iuzwe. Makubaliano ya simu hayauzi nyumba. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kutia saini, na mnunuzi anayelipa bila hilo ananunua kesi. Tunashauri familia ilimalize hili kabla ya kutafuta dalali wa aina yoyote.

Linalofuata ni mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wanunuzi wengi siku hizi wanalijua hilo. Wanataka kumwona mama mwenye nyumba ana kwa ana. Ukiona dalali anakwepa maswali ya namna hiyo, huenda wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia akwepe.

Vijijini, katika milima ya Umatengo, mambo ni mazito zaidi. Nyumba mara nyingi imesimama kwenye ntambo, eneo la mteremko linalotambuliwa kuwa la ukoo, pamoja na ngoro na mikahawa yake. Ardhi hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ina sauti katika kuihamisha, na mgeni hawezi kuinunua kama kiwanja cha mjini. Dalali wa mjini anayeitangaza nyumba ya namna hiyo mtandaoni kwa watu wa mbali anapoteza muda wake na wako. Mnunuzi wake halisi huenda yuko kijijini palepale, au ni ndugu wa ukoo, na atapatikana kwa kikao.

Ziwani kuna kipimo ambacho wenye nyumba wengi hawapendi kukisikia: mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kama ilivyo kwa bahari na mito. Nyumba ya zamani ya Liuli au Mbamba Bay iliyojengwa karibu na mchanga ina mandhari ambayo hoteli zingeililia. Lakini mnunuzi mwenye mwanasheria atapima kwanza. Ikiwa nyumba yako iko ndani ya kipimo hicho, bei yako haiwezi kuwa ya kiwanja kilicho salama, hata dalali awe na ulimi wa asali.

Mengine tuyataje kwa haraka. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, na baadhi ya watu wanadhani hiyo ndiyo kodi ya ardhi. Siyo. Kodi ya pango la ardhi kwa mwenye hati ni jambo jingine, na deni lake hujitokeza siku ya uhamisho. Kuna pia kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na tangu sheria ya fedha ya 2023 asiye na kumbukumbu za gharama zake anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Makazi binafsi ambayo mtu ameyamiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi yana msamaha kama faida haizidi milioni 15. Anayeingia sokoni bila kujua atalipa nini hujikuta akipandisha bei katikati ya mazungumzo, na mnunuzi anakimbia. Lawama anabeba dalali.

Namna ya kuachana na dalali

Tuseme umeshachunguza, msimu ni mzuri, bei inalingana na mtaa, karatasi zipo, na dalali wako ameonekana kuwa ndiye shida. Mwache. Sheria ya Mikataba inakuruhusu kumwondolea wakala mamlaka kabla hajayatumia. Lakini ina masharti. Kama mlikubaliana muda maalumu na ukavunja kabla bila sababu ya kutosha, anaweza kudai fidia. Kama hamkuweka muda, unatakiwa kumpa taarifa ya kutosha. Na kuondolewa kwake kunaanza kufanya kazi pale anapojua, kwa hiyo kumkasirikia kimoyomoyo hakutoshi. Mwandikie. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko maneno ya mdomo, na barua iliyopokelewa mbele ya shahidi ni bora kuliko ujumbe wa simu.

Katika barua hiyo mwombe orodha ya wateja wote aliowaleta kwenye nyumba. Hapa ndipo udalali unapolipwa mara mbili. Mtu aliyeletwa Aprili na dalali wa kwanza anarudi Agosti kupitia dalali wa pili, ananunua, na wote wawili wanakusubiri mlangoni. Kila mmoja ana hoja: wa kwanza alimleta, wa pili alifunga biashara. Ukiwa na orodha, unaweza kukubaliana na wa kwanza kwamba mteja wake yeyote akinunua ndani ya muda fulani, tuseme siku 60 au 90, atapata haki yake yote au sehemu yake, na baada ya hapo basi. Kisha mwonyeshe dalali mpya orodha hiyo kabla hajaanza, ajue ni wateja gani si wake. Wapo watakaoona hii ni kumdekeza mtu unayemfukuza. Sisi tunaona ni nafuu kuliko ugomvi wa asilimia kwenye baraza la kata.

Chukua funguo. Chukua nakala za karatasi, na kama ulikosea ukampa hati halisi, ichukue leo, usisubiri kesho. Mwombe afute matangazo yake, na wewe mwenyewe hakikisha yamefutwa. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba fulani si wakala wako tena, kwa sababu mnunuzi makini atapita kwa mwenyekiti kuuliza. Dalali aliyeachwa bila taarifa na bado ana funguo anaweza kupokea "kishika uchumba" kwa nyumba ambayo umeshamuuzia mwingine.

Dalali mpya mwandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Utaje bei ambayo yeye ataitangaza, na kwamba hakuna cha juu bila wewe kujua. Utaje ujira. Kiwango kinachodaiwa kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10, lakini hakuna kinachozuia mapatano. Utaje kama ni yeye peke yake au la. Maoni yetu ni kwamba katika mji wa ukubwa wa Mbinga, dalali mmoja kwa miezi mitatu, akijua hataporwa kazi, anafanya kazi kuliko watano wanaokimbizana. Mkataba useme pia kwamba fedha ya mauzo itaingia benki kwa mwenye nyumba, haitapita mkononi mwa dalali. Mauzo yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi, lazima yawe kwa maandishi ili yaweze kutetewa mahakamani. Na ukiombwa asilimia 10 na ofisi ya mtaa kwa ajili ya muhuri, omba risiti ya serikali na kifungu kinachoruhusu. Mazoea hayo yamekemewa mara nyingi na viongozi wa Wizara ya Ardhi.

Kabla dalali mpya hajaanza, nyumba iliyochoshwa inahitaji kupumzika kidogo. Wiki tatu bila tangazo, maandishi ya ukutani yafutwe, zile bei tatu zisahaulike. Kisha irudi na bei moja, ikiwezekana wakati kahawa imeanza kulipwa.

Kwa wenye nyumba wa Mbamba Bay wasiotaka kushusha bei kwa kuwa wanaiamini bandari, kuna njia nyingine, nayo ni kuacha kuuza kwa sasa na kupangisha. Ujenzi huleta mafundi, wahandisi na wafanyabiashara wanaohitaji vyumba leo. Ila mkataba wa upangaji uandikwe ukisema wazi itakuwaje nyumba ikipata mnunuzi, na taarifa ya kuhama ni ya miezi mingapi. Nyumba yenye mpangaji asiyetaka kutoka ni ngumu kuuza kuliko ile tupu uliyokuwa nayo mwanzo.